Kiingilio na Mfuko wa Shabiki Wakati wa Hali Ngumu

Kichwa cha insha kama "Michezo ya kulipwa imewasahau mashabiki wake. Jadili" huonekana chepesi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama hapo. Mtahiniwa hujaza kurasa mbili akieleza jinsi watu wanavyoupenda mpira, kisha muda unakwisha. Swali la namna hii linataka ueleze fedha inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na nini hutokea kipato cha mlipaji kinapopungua. Soma mifano ifuatayo, uielewe, kisha uitumie kwa maneno yako.

Anza na jambo moja: shabiki si mteja wa kawaida. Bei ya sukari ikipanda katika duka moja, utavuka barabara uende duka la pili. Shabiki wa Yanga hahamii Simba kwa sababu kiingilio cha Simba kimeshuka. Anayeuza tiketi analijua hilo, kwa hiyo anaweza kupandisha bei akiamini kwamba mteja wake hana pa kukimbilia. Shabiki anabaki na njia mbili, alipe au asiende. Na asisahau nauli, chakula, na kwa kibarua, ujira wa siku nzima anaoukosa. Wanafunzi wengi hutaja tiketi peke yake. Ukizitaja gharama hizi nyingine hoja yako itakuwa na uzito zaidi.

Sasa twende Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, ule unaousoma katika Historia. Ilipofika mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini humo hakuwa na kazi. Mchezo uliopendwa kuliko yote wakati huo ulikuwa besiboli. Mwaka 1930 ligi kuu za besiboli ziliuza tiketi zaidi ya milioni 10; mwaka 1933 zilishuka hadi takribani milioni 6. Timu ya St. Louis Browns ilipata watazamaji 80,922 katika msimu mzima wa 1935. Gawanya kwa mechi zake za nyumbani utapata watu elfu moja na kidogo kwa mechi, katika uwanja wenye nafasi zaidi ya 30,000.

Wenye timu waliumia, na sababu yake ndiyo kiini cha mfano huu. Miaka hiyo hapakuwa na televisheni ya kununua haki za kuonyesha mechi. Sehemu kubwa ya mapato ilitoka mlangoni, kwa hiyo kiti kitupu kilikuwa hasara ya moja kwa moja. Mshahara wa Babe Ruth, mchezaji maarufu kuliko wote, ulikatwa kutoka dola 80,000 mwaka 1930 hadi 52,000 mwaka 1933, na 35,000 mwaka uliofuata. Connie Mack wa Philadelphia Athletics, ambaye timu yake ilitwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 1929, 1930 na 1931, aliuza nyota wake mmoja baada ya mwingine ili apate fedha. Mwaka 1935 timu hiyo ilishika mkia. Hapo shabiki aliumia mara mbili, kwanza mfukoni, pili kwa kuletewa timu dhaifu.

Cincinnati walifikiri tofauti. Waliona kwamba mechi ikichezwa mchana siku ya kazi, hata mwenye kazi hawezi kuja. Tarehe 24 Mei 1935 walicheza mechi ya kwanza ya ligi kuu usiku, chini ya taa za umeme, na watu zaidi ya 20,000 wakajitokeza. Zingatia kwamba hatua hiyo ilimpunguzia shabiki gharama bila kugusa bei ya tiketi.

Songa mbele hadi Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2016. Klabu ilitangaza kwamba tiketi ghali zaidi ya mechi moja katika jukwaa jipya ingeuzwa pauni 77. Mwaka mmoja kabla yake, Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa imeuza haki za televisheni za misimu mitatu kwa zaidi ya pauni bilioni 5 ndani ya Uingereza pekee. Mashabiki wakauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: kama fedha zote hizo zinaingia, ya kwangu inaongezwa kwa nini?

Tarehe 6 Februari, dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Sunderland, watu wanaokadiriwa kufikia 10,000 walisimama wakatoka. Liverpool ilikuwa ikiongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. (Usiandike kwamba walisawazishiwa kwa sababu mashabiki walitoka, hakuna awezaye kulithibitisha hilo.) Siku nne baadaye wamiliki waliomba radhi, wakafuta tiketi ya pauni 77 na kuahidi kutopandisha bei kwa misimu miwili. Mwezi Machi klabu zote za ligi hiyo zilikubaliana kwamba tiketi ya shabiki wa timu ngeni isizidi pauni 30.

Linganisha sasa. Mwaka 1933 viti vilikuwa vitupu kwa sababu watu hawakuwa na fedha, na mwenye timu aliumia papo hapo. Mwaka 2016 watu 10,000 hao walikuwa wameshalipa. Kutoka kwao hakukupunguza hata senti ya mapato ya siku ile. Kilichoitisha klabu kilikuwa picha. Televisheni hununua mechi pamoja na kelele za jukwaani, na jukwaa lenye mapengo huonekana dunia nzima, pamoja na kwenye kibanda umiza cha mtaani kwenu. Nawe unayelipa kiingilio pale kibandani umo katika hesabu hii, kwa kuwa mwenye kibanda hulipia king'amuzi, na sehemu ya malipo hayo hurudi Uingereza. Binafsi naona hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ni wachache wanaoitumia.

Kuna upande wa pili pia, nawe utatakiwa kuujadili: klabu hulipa mishahara mikubwa, hujenga majukwaa, na bado tiketi huisha. Uandike kwa haki kabla ya kuupinga.

Zoezi: Klabu moja ya Ligi Kuu ya Tanzania inataka kupandisha kiingilio cha mzunguko katika msimu ambao bei ya unga na nauli zimepanda. Andika insha ya maneno 300 ukiishauri klabu hiyo. Tumia angalau hoja moja kutoka Cincinnati na moja kutoka Anfield, na ueleze ni kwa kiasi gani kila moja inafaa, au haifai, katika mazingira yetu.