Dawa za Kukuza Mwili: Tuulize Ushahidi Kwanza



Hapa Makina vijana wanauziwa vidonge vya kurefusha na kujaza misuli. Mmoja akiomba mkopo wa kuvinunua, tumjibu nini?

Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Dawa za kuichochea hazina ushahidi sawa:

1. Tesamorelini (sindano). Marekani iliikubali mwaka 2010, lakini ni ya kupunguza mafuta ya tumbo kwa wenye virusi vya Ukimwi, basi.

2. MK-677 (ya kumeza). Utafiti wa miaka 2 kwa wazee, uliochapishwa 2008, ulionyesha homoni imepanda na misuli kuongezeka kidogo. Nguvu hazikuongezeka, na sukari ya damu ilipanda!

3. Arginini (ya kumeza). Ushahidi wake ni hafifu.

Kumbe homoni kupanda siyo kupata nguvu. Na mifupa ikishakomaa, hakuna kidonge cha kumrefusha mtu. Wakimbiaji nao wajue, mbili za kwanza ni marufuku michezoni.

Usingizi mzito na mazoezi huamsha homoni hiyo bure. Mtoto asiyekua vizuri apelekwe kliniki, siyo dukani.

Jadilianeni: mkopo huo mtautoa?