Sakafu ya Chumba cha Nyongeza: Muulize Udongo Kwanza

Kitui, nyumba hukua kidogo kidogo. Mtu huanza na vyumba viwili. Watoto wakiongezeka au mkopo wa chama ukitoka, anaita fundi aongeze sebule. Mazungumzo huwa ya mabati, madirisha na vigae. Sakafu hukumbukwa lori la kokoto likishafika.

Ilifaa wachimbe kwanza shimo la mita moja hivi pale chumba kitakapokaa.

Miinukoni, aghalabu hutoka udongo mwekundu wenye changarawe. Huu hauna makuu: slabu ya kumwagwa juu ya ardhi inatosha, na ndiyo nafuu. Udongo wenye mizizi huondolewa, mawe hushindiliwa kwa tabaka, maramu husawazisha, dawa ya mchwa hunyunyizwa (anayeiruka Ukambani ataona vijia vya udongo vikipanda miimo ya milango), kisha nailoni nzito, wavu wa chuma wa BRC, na zege ya milimita 100 hadi 150. Zege hiyo imwagiliwe siku saba, hata kama maji ni ya kununua kwa mtungi.

Mchanga nao usiaminiwe kwa macho, hata ukitoka mto Nzeeu. Tia kiasi kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, uache utulie. Tope likikaa tabaka nene juu, mchanga huo unadhoofisha zege.

Shimo likitoa udongo mweusi wa mabondeni, habari hubadilika. Huvimba mvua za Novemba zikinyesha, na kiangazi hupasuka nyufa. Slabu iliyoulalia hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Ukiwa mwembamba, uchimbwe wote na kujazwa maramu. Ukiwa wa kina kirefu, sakafu ibebwe na mihimili ya zege yenye nondo, isiutegemee kabisa. Gharama hupanda, lakini kubomoa sebule iliyopasuka ni ghali zaidi.

Kwenye miteremko kama ya Mbooni, tatizo ni kifusi kinachojazwa upande wa chini ili sakafu iwe sawa. Uingereza, viwango vya NHBC, shirika linalotoa dhamana ya nyumba mpya, hutaka sakafu inayojibeba pale ujazo unapozidi milimita 600, kwa kuwa ujazo wa kina kirefu huendelea kudidimia.

Tena, slabu mpya isifungwe kwenye ile ya zamani. Nyumba kuukuu imekwisha kutulia. Chumba kipya bado. Iachwe nafasi ndogo katikati, ijazwe kitu laini, la sivyo ufa utatokea mlangoni.

Kwa kiwanja tambarare chenye udongo mwekundu, chagua slabu ya ardhini. Ukikuta mweusi, mwite mhandisi kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti.