Chama Kikubwa na Chama Kidogo: Desturi za Walimu wa Mugoma

Katika vijiji vya Mugoma, wilayani Ngara, ambako migomba huizunguka nyumba pande zote, na Kihangaza hukaribiana na Kirundi hata jirani wa ng'ambo ya mpaka akaelewana na wa huku pasipo mkalimani, mla mshahara ni mtu mmoja miongoni mwa wengi. Walio wengi hulima ndizi, maharage na mihogo kwa chakula, na kahawa kwa fedha. Na mababu zao waliotaka fedha ya kodi au ya mahari, kabla kahawa haijashika mizizi, waliifuata kwa miguu hadi mashamba ya Buganda. Basi mtu akija kuuliza habari za chama cha wafanyakazi katika nchi isiyo na gati, wala karakana ya reli, wala kinu cha mkonge, ataelekezwa shuleni, maana mwajiriwa aliye karibu na watu kuliko wote ni mwalimu, na chama chake ni Chama cha Walimu Tanzania, kwa ufupi CWT.

Mwalimu huyo aghalabu ni mgeni. Barua ya ajira humwondoa kijana Rombo au Kyela, ikamteremsha Ngara na godoro, begi na vyeti vyake, mahali ambapo hana shangazi wala mjomba, na ambapo bibi kizee akimsalimu kwa lugha ya nyumbani hujibu kwa tabasamu tu. Mwalimu mkuu humtafutia chumba. Walimu wanawake humpelekea unga, sufuria na mkaa wa kuanzia. Na kwa kuwa mshahara wa kwanza una tabia ya kuchelewa, yuko atakayemdhamini dukani apate sukari na sabuni kwa daftari. Hayo yakiisha ndipo mwakilishi wa chama shuleni humjia na fomu ya uanachama, naye huijaza bila maswali mengi, kwa kuwa amekwisha kula chumvi ya watu kabla hajasoma katiba yao.

Lakini daftari lenye nguvu kuliko fomu hiyo hukaa katika kabati la ofisi ya walimu, pamoja na maboksi ya chaki. Ni daftari la kawaida la shule, limepigwa mistari kwa rula, na safu zake ni msiba, harusi, uzazi na ugonjwa. Kiwango cha mchango hupangwa katika kikao, na kikao hicho, nadhani, ndicho chenye mjadala wa haki kuliko mingi ifanyikayo katika kumbi kubwa. Mzazi, mwenzi na mtoto hawana mabishano. Hupewa mchango kamili. Mgogoro huanza kwa bibi na babu. Mmoja atasema bibi ndiye aliyemlea, mama yake alifariki angali mchanga; mwingine atajibu kwamba kila mtu ana bibi, na wengine wanao wawili, na mshahara ni ule ule. Mwishowe huafikiana kwamba aliyelelewa na bibi athibitishe kwa maneno yake mwenyewe, naye asadikiwe, kwa sababu haifai kumtaka mfiwa alete shahidi. Asiyetoa hafukuzwi wala hatukanwi. Jina lake huachwa na nafasi tupu mbele yake, na kila alifunguaye daftari huiona.

Msiba ukitokea, hali ya ugeni hudhihirika zaidi. Mwajiri ana wajibu wake katika mazishi ya mtumishi wa umma, ila karatasi zina mwendo wake na maiti haingoji karatasi. Kwa hiyo walimu huchanga ili gari lipatikane kwanza, na wawili au watatu huchaguliwa kuusindikiza mwili zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwao marehemu, wakasimame mbele ya wazee wasiowajua na kueleza jinsi mtoto wao alivyoishi na watu. Kabla ya safari hiyo majirani Wahangaza huja na kuni, ndizi na maharage, wakakaa kimya kando ya ukuta kama wakaavyo kwa mtu wao. Wala hawaulizi kama marehemu alikuwa mwanachama.

Liko pia jambo la fedha, ambalo ni la aibu kidogo lakini ni kweli. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, na wakopeshaji wanaoitwa kwa haki kabisa kausha damu huufuata hadi vijijini. Huchukua kadi ya benki na namba yake ya siri, na siku ya mshahara hutangulia wao mashineni, mwenye kadi akaachiwa salio. Dawa ya walimu ni mchezo, yaani upatu, ambao kila mwisho wa mwezi humkusanyia mmoja fedha za wote, akalipa ada ya mtoto au akaikomboa kadi yake. Nimesikia mwalimu wa makamo akisema kwamba zamu yake ya mchezo anaijua vizuri kuliko tarehe ya kupandishwa daraja, na kwa kadiri nijuavyo madaraja yanavyopandishwa, sikuwa na hoja ya kumpinga.

Desturi hizi zina nasaba ndefu kuliko vyama vyenyewe. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenziwe walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Waliungana Waislamu na Wakristo, makarani na walimu, wakawa na mahali pa kukutania, magazeti ya kusoma na mpira wa kucheza, na madai yao kwa serikali wakayaandika kwa adabu kubwa. Ghadhabu ilikuja baadaye na kwa watu wengine: makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, na mgomo ukaifuata reli kuelekea bara. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu; mwaka 1964 serikali ikavifuta vyama vyote na kuweka kimoja, NUTA, kilichogeuka JUWATA mwaka 1978 na OTTU mwaka 1991. Walimu walipata chao mwaka 1993. Katika majina yote hayo, lililo karibu na kabati la Mugoma ni lile la kwanza kabisa, la Tanga, ambalo watu walikutana humo kuishi pamoja kabla ya kudai pamoja.

Kwa maana hiyo mwalimu wa Mugoma ana vyama viwili katika jina moja. Chama kikubwa hukata asilimia 2 ya mshahara kabla haujamfikia mwenyewe, na sheria ya kazi ya mwaka 2004 imeruhusu, chama kikiwa na wengi mahali pa kazi, hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, maadamu matunda ya majadiliano huyala pia. Chama hicho kina jengo la ghorofa Dar es Salaam, na walimu ni wanahisa katika benki iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa jina lao. Huku kijijini huonekana zaidi Mei Mosi, kwa fulana na kofia. Na fulana ikichelewa au ikiwa nyembamba, manung'uniko husikika mwaka mzima. Watu wa mjini huwacheka walimu kwa ajili ya fulana. Mimi siwacheki. Mtu akatwaye kila mwezi, na asione ofisi wala wakili wala benki katika upeo wa macho yake, fulana ndiyo risiti yake.

Chama kidogo hakina jengo wala mhasibu, nacho ndicho kizikacho. Sifa ya kidogo hupewa kikubwa, na lawama za kikubwa humwangukia mwakilishi wa shule, ambaye halipwi kitu.

Tofauti ya hivyo viwili ilionekana Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012, CWT ilipoitisha mgomo wa nchi nzima ikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa walio katika mazingira magumu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilitamka kwamba mgomo ule si halali, na walimu wakaamriwa kurudi kazini. Mjini mgomo ni baina ya mfanyakazi na tajiri wake. Kijijini tajiri yuko mbali asikoonekana, na anayepungukiwa ni mtoto wa mwanamke yule yule aliyeleta kuni msibani. Mwalimu akibaki nyumbani, mwanamke huyo humwona bombani asubuhi na kumwuliza, kwa upole ulio mzito kuliko matusi, kama Mwalimu anaumwa. Wako wasemao kwamba ujirani wa namna hii huudhoofisha umoja wa wafanyakazi, na wana hoja. Posho ya mazingira magumu haikuombwa kwa mzaha na watu wanaolala kwa kibatari na kutembea saa mbili kuufuata mtandao. Ila chama ambacho hakijamweleza mama huyo kwa nini mwalimu wa mwanawe anagoma kimeacha nusu ya kazi yake, na kumweleza kungekuwa rahisi, kwa kuwa mkulima wa kahawa ajua vema maana ya kupangiwa bei na mtu asiyemwona.

Mwalimu akistaafu hufanyiwa hafla. Watoto huimba, kamati ya shule hutoa mbuzi au ndizi, na katika wilaya nyingi chama humkabidhi mstaafu mabati ya kuezekea. Juu ya zawadi hii nako kuna mabishano yasiyokwisha: vijana hutaka fedha taslimu, wakidai kwamba mtu wa Kyela hawezi kusafirisha mabati kutoka Ngara, wazee hushikilia bati, wakisema fedha taslimu huishia kwa kausha damu kabla ya jioni, na kwamba wengi wa hao wa Kyela wamekwisha kununua kiwanja hapa hapa Mugoma, wamepanda migomba, na wajukuu wao wanasema Kihangaza.