Kanali Sanders hakuanza akiwa na miaka 65

Katika semina za ujasiriamali, na hata kwenye mahubiri ya Jumapili, kisa cha Kanali Sanders husimuliwa hivi: mzee fukara wa miaka 65 anapokea hundi ya pensheni, anazunguka na kuku wake, anafukuzwa kwenye milango zaidi ya elfu moja, kisha anatajirika. Kisa kinatia moyo. Lakini kinaruka miaka 25 ya kazi, na miaka hiyo ndiyo iliyoijenga KFC.

Harland Sanders alizaliwa mwaka 1890 Henryville, jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Mama akalazimika kutafuta vibarua, naye Harland akabaki jikoni akiwapikia wadogo zake. Shule aliiacha mapema. Alilima mashamba ya watu, akachochea moto kwenye injini za treni, akauza bima, akaendesha biashara ya kivuko.

Mwaka 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, alishika kituo cha mafuta mjini Corbin, Kentucky. Madereva waliosimama kujaza mafuta walikuwa na njaa, akaanza kuwalisha kwenye meza ya familia yake. Mwaka 1935 gavana wa Kentucky akampa ukanali, cheo cha heshima tu, si cha jeshi. Meza hiyo ikageuka mkahawa, nao ukakua hadi kufikia viti 142.

Shida yake ilikuwa muda. Kuku wa kukaangwa kwenye kikaango alichukua kama nusu saa, na msafiri hana nusu saa. Kumtumbukiza kwenye mafuta mengi kuliokoa muda lakini kulimkausha. Kumkaanga mapema kulimaanisha kutupa mabaki usiku. Mwaka 1939 masufuria ya presha yalipoanza kuuzwa kwa ajili ya kuchemshia mboga, Sanders alichukua moja na kulijaribu kwa mafuta na kuku. Alilirekebisha mpaka akapata kuku laini, mwenye majimaji ndani, kwa muda mfupi. Matangazo husifu viungo 11 vya siri. Kwangu mimi, sufuria lile lilifanya kazi kubwa kuliko viungo vyote 11, kwa sababu ndilo lililomwezesha mtu mwingine, kwenye mji mwingine, kutoa kuku yuleyule kwa haraka ileile.

Mtu huyo alikuwa Pete Harman, mwenye mkahawa Salt Lake City, jimbo la Utah. Mwaka 1952 Sanders alimpikia kuku wake, wakapeana mikono, na Harman akaanza kumlipa senti chache kwa kila kuku aliyeuzwa. Jina Kentucky Fried Chicken, yaani KFC, lilizaliwa huko Utah, kwa mchoraji wa mabango wa Harman. Ndoo maarufu ya kuku nayo ilitoka kwa Harman, mwaka 1957.

Ndipo barabara kuu mpya ikapangwa kupita mbali na Corbin. Mwaka 1956 Sanders aliuza mali yake kwa mnada, akalipa madeni, akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Ni kweli aliingia barabarani na masufuria yake na kulala ndani ya gari. Lakini alichokuwa akiuza kilikuwa kimeshapata wateja Utah kwa miaka minne. Nyumbani, mkewe Claudia alichanganya viungo, akavifunga na kuvituma kwa wenye mikahawa. Semina hazimtaji kabisa.

Mwaka 1964, matawi yakiwa zaidi ya 600, aliiuza kampuni kwa dola milioni 2, naye akabaki kuwa sura ya kampuni hiyo. Ubishi ukaanza hapo. Aliwasema wamiliki wapya hadharani, mchuzi wao akaufananisha na gundi ya kubandikia karatasi za ukutani, na wakafikishana mahakamani kuhusu matumizi ya jina lake. Alifariki Desemba 1980 akiwa na miaka 90.

Wanaowafundisha vijana wetu biashara wasimulie basi kisa chote: Corbin, sufuria, Harman, Claudia. Kijana aliyefungua kibanda cha chipsi mwaka huu, na bado hajaona faida, anastahili kujua kwamba Sanders alikaa jikoni Corbin miaka tisa kabla ya kugusa sufuria lile.