Mpaka wa Kasi kwa Injini Yenye Supachaja

Wasikilizaji, mwenye motokaa akiisha kufunga supachaja, yaani pampu ya kushindilia hewa katika injini, hutamani kuizungusha injini kwa kasi zaidi. Hapo pana hatari. Hewa nyingi huisukuma pistoni kwenda chini. Bali kasi huivuta konrodi kila pistoni inapogeuka juu, na kwa mvuto huo konrodi hukatika. Ukitoka mizunguko 6,000 kwa dakika hata 7,000, kasi imezidi kwa sehemu moja ya sita, lakini mvuto umezidi kwa zaidi ya theluthi.

Basi, ikiwa vyuma vya ndani ni vile vile vya kiwandani, usivuke mpaka wa mtengenezaji. Kisha itazame pampu, ambayo kwa kawaida huzungushwa na mkanda. Puli ya injini ikiwa na upana mara mbili ya puli ya pampu, na pampu imekatazwa kupita 12,000, injini ikome 6,000, ijapokuwa yenyewe yaweza zaidi. Kifaa cha kukata cheche kiwekwe 5,800, maana injini hupitiliza kidogo kabla ya kutii. Wala kifaa hicho hakimwokoi dereva arudishaye gia ya pili ghafula katika mwendo mkali: hapo magurudumu ndiyo yaizungushayo injini.