Je, Wajua? Kutafuta Mnara Ndiko Kunakomaliza Chaji

Je, wajua kwamba simu iliyo kimya mfukoni hailali moja kwa moja? Kila baada ya sekunde moja au mbili huamka kidogo, ikasikiliza kama mnara unaiita, kisha ikalala tena.

Je, wajua kwamba ukitoka Somanda, Bariadi mjini mkoani Simiyu, ukaelekea pembezoni mwa Pori la Akiba la Maswa, kitochi chako kinaweza kuisha chaji bila kupiga hata simu moja? Netiweki ikipotea, simu hupekua masafa mamoja baada ya mengine, tena na tena. Ikiupata mnara wa mbali, hulazimika kurusha mawimbi kwa nguvu: simu ya 2G ya masafa ya 900 MHz hufika wati 2. Unakokwenda hakuna netiweki? Zima laini mapema.

Je, wajua kwamba vifaa viwili vya 4G vinaweza kugunduana moja kwa moja, bila ujumbe wenyewe kupita mnarani? Utaratibu huo uliingia katika toleo la 12 la viwango vya 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu, lililokamilika mwaka 2015. Uzuri wake uko kwenye saa. Vifaa visivyo na saa moja hupishana: kimoja kinaita, kingine kimelala, hivyo vyote hulazimika kukesha. Mnara ukitoa saa ya pamoja, mambo huwa kama siku ya mnada: kila mtu anajua siku, hakuna anayeshinda njiani akimsubiri mwenzake. Vifaa huamka pamoja, hutangaza, husikiliza, hulala. Mzunguko mmoja unaweza kufika sekunde 10.24. Tangazo lenyewe lina baiti 29 tu, wakati SMS hubeba 140.

Je, wajua kwamba kifaa cha NB-IoT, teknolojia ya kuunganisha vifaa vidogo kama mita kwenye mtandao wa simu iliyoidhinishwa mwaka 2016, kinaweza kulala zaidi ya siku 400 na mtandao usikifute kwenye orodha yake? Lengo ni betri idumu miaka 10. Ila kikiwa kimelala hakipatikani: kwa mita ya maji sawa, kwa kifaa kinachohitaji kuamrishwa papo hapo hapana.

Je, wajua kwamba nchini Kenya, katika hifadhi ya Ol Pejeta, tembo aitwaye Kimani aliwahi kuvishwa kola yenye laini ya simu, iliyotuma SMS kwa askari kila alipokaribia mashamba? Shirika la Save the Elephants ndilo lililofanya kazi hiyo. Kwa vijiji vya Simiyu vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo humaliza mahindi kwa usiku mmoja, habari hii ina uzito wake. Tatizo ni betri. Kuibadilisha maana yake ni kumpiga tembo sindano ya usingizi upya, kwa hiyo kila ujumbe ambao kola haikulazimika kuutuma ni muda wa ziada kabla ya sindano nyingine.

Je, wajua kwamba Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, ina chaneli 40 lakini matangazo yake ya kawaida hupita kwenye 3 tu? Anayetafuta hana haja ya kupekua zote 40.