Nyumba ya Levi Coffin, na Jinsi Nyumba ya Kale Inavyoulizwa Habari Zake

Katika jimbo la Indiana, nchini Marekani, uko mji mdogo uitwao Fountain City. Zamani jina lake lilikuwa Newport. Kando ya barabara kuu ipitayo mjini hapo pana nyumba ya matofali mekundu, yenye orofa mbili na vyumba vinane, iliyojengwa mwaka 1839. Mtu apitaye njiani hataona ajabu yo yote. Ataona nyumba ya mfanyi biashara mwenye mali ya kiasi, basi. Lakini mwaka 1967 serikali ya jimbo iliinunua, ikatengenezwa irudi katika hali yake ya kale, na mwaka 1970 milango yake ikafunguliwa ili kila atakaye aingie atazame. Twataka kueleza kwa nini ilifanyiwa hivyo, na jinsi watu wanavyoweza kuiuliza nyumba ya kale habari zake bila kuilisha maneno.

Mwenye nyumba alikuwa Levi Coffin, aliyezaliwa mwaka 1798 katika jimbo la North Carolina, ambako utumwa ulikuwa halali. Alipokuwa mtoto wa miaka saba alisimama na baba yake kando ya njia, wakaona kundi la watu weusi wakipelekwa mbali hali wamefungwa kwa mnyororo. Baba akawauliza kwa nini wamefungwa. Mmoja akajibu kwamba wametengwa na wake zao na watoto wao, nao wamefungwa wasije wakatoroka kuwarudia. Mtoto akawaza itakuwaje baba yake mwenyewe akichukuliwa namna ile. Levi aliandika katika uzee wake kwamba chuki yake juu ya utumwa ilianzia siku hiyo.

Wazazi wake walikuwa wa jamii ya Marafiki, wale Wakristo ambao Waingereza huwaita Quakers. Wasomaji wetu wa Kaimosi na nchi za jirani hawana haja ya kuelezwa Marafiki ni nani, maana wamisionari wa kwanza wa jamii hiyo walifika Kaimosi mwaka 1902 kutoka Marekani, na baadaye kazi yao ikawa chini ya halmashauri ya Marafiki iliyokuwa na makao yake Richmond, Indiana. Mji huo wa Richmond ni mwendo mfupi tu kutoka nyumba hii tunayoieleza. Watu wa Pemba nao wanawajua, kwa kuwa Marafiki wa Uingereza walianza kazi kisiwani mwaka 1897, mwaka ule ule ambao utumwa ulikomeshwa kwa amri ya Sultani, ili kuwasaidia watu waliopata uhuru wao.

Mwaka 1824 Levi alimwoa Catharine White, na mwaka 1826 wakahamia Newport. Akafungua duka, akachinja nguruwe na kuuza nyama yake, na baada ya miaka kumi akajenga kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za kitani. Indiana haikuwa nchi ya watumwa, lakini kusini yake, ng'ambo ya Mto Ohio, palikuwa na jimbo la Kentucky, na huko watumwa walikuwa wengi. Waliotoroka walivuka mto usiku wakaelekea kaskazini, mpaka Kanada, ambako utumwa ulikwisha kwa sheria ya Waingereza iliyoanza kutumika mwaka 1834. Sisi wa pwani tuna neno letu la kale kwa watu hao: ni watoro.

Mtoro aliyevuka mto alikuwa bado hajaokoka. Sheria ya mwaka 1793 ilimpa bwana wake ruhusa ya kumfuata na kumkamata katika jimbo lo lote la Marekani, na mtu aliyemficha aliweza kutozwa faini ya dola 500. Kwa hiyo watu waliochukia utumwa walipokeana watoro nyumba kwa nyumba, usiku kwa usiku. Njia hiyo ikapewa jina la mzaha, Reli ya Chini kwa Chini, ijapokuwa haikuwa na reli wala gari la moshi. Njia tatu za watoro kutoka Mto Ohio zilikutana Newport, mlangoni pa Coffin.

Sasa na tuingie ndani. Mlango wa ubavuni ndio uliogongwa usiku, tena kwa taratibu. Levi na Catharine waliamka gizani, wakawaingiza wageni kimya, wakafunika madirisha kabla ya kuwasha moto na kupika. Vyumba vingi vya nyumba hii vina njia mbili za kutokea, hata mtu asibanwe mahali pasipo na mlango wa pili. Chini, katika sehemu iliyochimbwa ardhini, mna kisima. Wasomaji watauliza, Kisima ndani ya nyumba ni cha nini? Mwanamke ateke maji mara ishirini kwa siku katika kisima cha nje, na majirani watajiuliza nyumba ile ina watu wangapi. Juu, katika chumba cha kulala cha nyuma, mna mlango mfupi sana uingiao katika nafasi nyembamba iliyo chini ya mteremko wa paa. Kitanda kikisukumwa mbele yake, mlango hauonekani. Nyuma ya kitanda hicho walikaa watu, wakisikiliza sauti za njiani.

Basi, hayo ndiyo nyumba inayosema. Lakini ilikuwaje nyumba ikaweza kuyasema baada ya miaka mia na zaidi? Akina Coffin walihama mwaka 1847. Nyumba ikapata wenyewe wengine, na kwa muda ilikuwa hoteli. Kila mwenyeji hubadili kitu: huyu hutoboa dirisha, yule hupaka rangi. Fundi anayetaka kuirudisha nyumba katika hali ya kale hana budi kwanza kuchagua, Hali ya mwaka gani? Hapa walichagua siku za Coffin, na vyombo vilivyomo ni vya kabla ya mwaka 1847. Tusidhani kwamba kila kiti kilikuwa chake. Ni vya wakati wake, nayo si hoja ile ile, na mwonyeshaji mwaminifu humwambia mgeni hivyo.

Kazi ya kupambanua kipya na cha kale ina alama zake, na mwanafunzi mwenye macho aweza kujifunza. Msumari ni shahidi mzuri. Katika Marekani, misumari ya siku za Coffin ilikatwa kutoka bamba la chuma, nayo ina umbo la pembe nne. Ile ya mviringo itokayo katika waya ilienea mwishoni mwa karne hiyo. Ubao nao una alama ya msumeno: msumeno uendao juu na chini huacha mistari iliyonyoka, na msumeno wa duara huacha mistari ya upinde. Rangi ya ukuta huchongwa kidogo kidogo kwa kisu chembamba, tabaka baada ya tabaka, mpaka ionekane ile ya kwanza. Na katika kuziba nyufa, fundi asikimbilie saruji. Matofali ya kale ni laini, yameunganishwa kwa chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe, huzuia unyevu usitoke, na tofali ndilo linalomomonyoka. Mafundi wa Lamu na Unguja, wanaotengeneza kuta za mawe ya matumbawe, hawatahitaji kuambiwa hili mara mbili.

Hata hivyo, ukuta hautaji jina la mtu. Hapo panatakiwa karatasi: hati za ardhi, daftari za kodi, wosia, vitabu vya duka, barua. Na hapa mtafuta habari hukutana na taabu kubwa, maana kazi yenyewe ilikuwa ya siri. Nani angeandika katika daftari kwamba usiku huu amevunja sheria? Habari nyingi tulizo nazo zatoka katika kitabu alichokitoa Levi Coffin mwenyewe mwaka 1876, akiwa mzee, karibu miaka 30 baada ya kuondoka Newport. Ni kitabu cha mtu mkweli, kwa jinsi tuonavyo, lakini ni kumbukumbu.

Tutoe mfano mmoja. Wageni wengi wameambiwa kwamba watoro 2,000 walipita katika nyumba hii. Coffin aliandika kwamba alipokea kama watu 100 kwa mwaka, naye alikaa Newport miaka 20 na zaidi. Ndipo hesabu ya 2,000 ikapatikana. Lakini nyumba ya matofali ilijengwa mwaka 1839, naye akahama mwaka 1847. Hiyo ni miaka minane. Kwa hesabu yake mwenyewe, waliopita katika vyumba hivi ni kama 800; wengine walilala katika nyumba yake ya kwanza. Je, kusema 800 kunaipunguzia nyumba heshima? Sisi twaona watu 800 ni wengi sana kwa kisima kimoja na mlango mmoja mfupi.

Liko jambo zito kuliko hesabu. Mwaka 1961 mwanahistoria Larry Gara alitoa kitabu akisema kwamba sifa za Reli ya Chini kwa Chini zimewaendea mno wazungu waliofungua milango, na watoro wenyewe, waliotembea usiku bila ramani wala chakula, wamesahauliwa. Tukirudia kitabu cha Coffin kwa jicho hilo twaona kwamba alilisema mwenyewe: kabla yake, watoro waliofika Newport walipokewa na watu weusi huru waliokaa huko. Aliongeza kwamba hao hawakuwa hodari wa kuficha, hata watoro wengi wakakamatwa. Hayo ni maneno ya upande mmoja. Wale wengine hawakuandika kitabu, nyumba zao hazikuwa za matofali, na aliyekuwa mweusi aliweza kutekwa yeye mwenyewe akauzwe kusini. Coffin alihatarisha dola 500 na wateja wa duka lake, ambao wengine walimwacha kweli. Jirani yake mweusi alihatarisha mwili wake na wa watoto wake. Kadhalika wanawake wa Newport waliokutana katika nyumba hii kushona nguo za watoro, wengi wao hawakuacha alama ila mishono, na mishono ilikwenda Kanada.

Watu weusi wa Cincinnati, mji aliouhamia Coffin na kufa mwaka 1877, hawakumsahau. Kaburi lake halikuwa na jiwe, wala Marafiki wengi wa zamani hawakupenda mawe ya makaburini. Mwaka 1902 wao ndio waliomwekea.

Mwaka 2016 jengo la maonyesho lilifunguliwa karibu na nyumba, ili wageni waelezwe habari za watoro kabla ya kupanda ngazi. Miongoni mwa vitu vinavyoonyeshwa ni viatu vya mti vya William Bush, mtumwa aliyetoroka akafika Newport. Yeye hakuendelea mpaka Kanada. Alikaa papo hapo akafanya kazi ya uhunzi, na watu wa uzao wake wamekuwa miongoni mwa wale wanaowaongoza wageni katika nyumba hii na kuwaonyesha mlango ule mfupi.